Wazee Watatu wa Daftari la Serafina

Gari la kumchukua Sista Serafina kwenda Tanga lilipangwa kufika Korogwe saa tisa alasiri. Saa mbili kasoro robo asubuhi Inspekta Mhina alikuwa amesimama katikati ya wodi ya wazee ya hospitali ya Kwalukindo, jalada kwapani, chai hajanywa, na hasira za mtu aliyepewa kazi ya wiki mbili aimalize kabla ya alasiri.

Jalada lilikuwa na karatasi tisa tu. Zilisema kwamba ndani ya wiki tano wazee watatu walipasuliwa ngiri, wakaamka salama, kisha siku ya tatu au ya nne wakafa wakitafuta pumzi. Wote watatu walikuwa katika daftari la Sista Serafina, muuguzi mkuu wa wodi, aliyekuwa akifanya utafiti wa namna bora ya kuwauguza wazee baada ya kupasuliwa. Mwaija, binti wa mzee Kibwana aliyekuwa wa tatu kufa, alikuwa ameapa kwa msahafu kwamba alimwona Serafina kwa macho yake akimkalisha baba yake kwa nguvu kesho yake tu, kidonda kibichi, akampiga mgongoni kwa viganja huku mzee analia. Mwenyekiti wa kijiji aliongeza la kwake, kwamba wazee wa wakulima wanafanyiwa majaribio. Wilayani wakataka mtu awekwe ndani kabla ya Ijumaa, na mtu akawekwa ndani.

Shitaka lilikuwa kuua kwa kukusudia. Mhina alijua jalada la namna hiyo likishafika Tanga halirudi. Hakuna dhamana, hakuna wa kufungua tena maelezo ya mashahidi, na mwisho wake ni kamba.

Jana yake alimtembelea Serafina mahabusu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenyeji wa Mazinde, mabega mapana, gauni la kazi bado mwilini kwa sababu ndilo alilokamatwa nalo.

"Kila mtu anasema juu ya daftari langu," alimwambia. "Hakuna aliyelisoma. Lisome, Inspekta. Nakuomba." Kisha akalia kwa sauti, bila kuficha uso, na Mhina akaondoka bila kuaga.

Sasa alikaa kwenye kiti cha mgeni, akalifungua. Lilikuwa daftari la shule lenye jalada gumu, limegawanywa safu mbili. Safu ya kwanza iliitwa "Kulala": wazee kumi na mmoja waliouguzwa kwa desturi ya zamani, kulazwa chali wiki nzima. Safu ya pili iliitwa "Kukaa": kumi na mmoja waliogeuzwa kila baada ya saa mbili, wakakalishwa kitandani kesho yake, wakagongwa mgongo ili wakohoe, na siku iliyofuata wakatembezwa. Kwa hao wa pili, ndugu mmoja aliruhusiwa kuingia tangu alfajiri ya siku ya upasuaji, afundishwe namna ya kumsaidia mzee wake. Ukurasa wa kwanza Serafina alikuwa ameandika sababu ya kuanza: mwaka uliopita wazee sita walikufa kwa kichomi wakiwa wamelala chali, na yeye alikuwa amechoka kuwafunga sanda.

Katika safu ya Kukaa wanane walipona haraka kuliko mtu yeyote aliyewahi kupona katika wodi ile. Watatu walikufa.

Mhina hakuwa daktari, lakini kuhesabu alijua. Serafina aliandika pumzi za kila mgonjwa kwa dakika, asubuhi, mchana na jioni. Wale wanane, jioni ya siku ya upasuaji, walikuwa na pumzi kumi na nane, ishirini, ishirini na mbili. Akawatafuta wale watatu. Thelathini na nne. Thelathini na moja. Na Kibwana, thelathini na sita.

Alirudia kusoma tarehe. Jioni ya siku ileile. Kabla hawajakalishwa. Kabla kiganja cha Serafina hakijagusa mgongo wa mtu.

"Basi waliharibikiwa hukohuko ndani," alijisemea, akafunga daftari.

Ndani ya chumba cha upasuaji kulikuwa na daktari mmoja, Jonathan, aliyeshika kisu, na mtu mmoja aliyeshika dawa ya usingizi. Dawa ilikuwa etha, ya kudondoshwa kwenye kitambaa kilichofunika pua na mdomo. Aliyeidondosha aliitwa Yordani, mganga msaidizi, mwembamba, mwenye mkono uliotetemeka kidogo aliposalimia. Mhina alimkuta stoo ya mashuka, akafunga mlango, akaketi juu ya furushi.

"Unakunywa pombe, Yordani?"

"Mimi? Mimi mlokole, Ndugu Inspekta."

"Mkono unatetemekea nini?"

"Nimeshika etha miaka kumi na minne. Na wewe unatisha."

Mhina hakucheka, ingawa alitaka. "Wazee watatu. Yupi kati yao alitapika ukiwa umemfunika?"

Lilikuwa swali la kubahatisha. Yordani angeweza kusema hakuna, na mambo yangeishia pale. Lakini alitazama mlango, akatazama mashuka, akashusha pumzi.

"Wote watatu," alisema.

"Ukamwambia nani?"

"Ningemwambia nani? Mgonjwa akitapika chini ya etha kosa ni la mwenye etha. Niliwauliza wote kabla: umekula? Umekunywa? Wakasema hapana. Na ndugu zao wakasema hapana, wakaapa. Sasa mtu mwenye tumbo tupu anatapika nini? Nikafuta, nikanyamaza. Nina watoto saba, Inspekta."

"Kwa hiyo Serafina akamatwe, wewe ulee watoto."

Yordani alifunika uso. Mhina alimwacha hivyo kidogo, si kwa huruma. Mtu akishaanza kuona aibu humwaga mengine yote asipoharakishwa.

"Walitapika chakula?"

"Maji. Mengi. Ya njano. Nilisema moyoni ni nyongo, lakini nyongo naijua, inanuka uchungu. Haya yalinukia vizuri. Marashi. Kama nguo za bibi harusi."

Mhina alitoa karatasi nne na kalamu. "Andika yote hayo, kwa mkono wako, ya kila mgonjwa peke yake."

"Saa nne nina mgonjwa mezani."

"Atashika mwingine. Utakaa ofisi ya karani mpaka nirudi, na hutasema neno kwa mtu, hata kwa daktari. Mashahidi wakishaanza kusimuliana, kesi inakufa."

Alimfungia ofisini mwenyewe, akatia ufunguo mfukoni. Ndivyo kazi inavyotaka, na kwa miaka ishirini na miwili Mhina aliifanya kazi inavyotaka.

Kati ya wale wanane waliopona mmoja tu alikuwa bado wodini, mzee Mepukori, Mmaasai wa mbuga za Handeni, aliyepasuliwa siku moja na Kibwana. Kitanda chake kilipakana na kitanda kilichokuwa cha marehemu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye serikali?"

"Mimi polisi."

"Ni hiyohiyo. Mrudishe yule mama. Hawa wengine wananiacha nalala tu mpaka mgongo unaota majani."

"Si alikuwa anawapiga?"

"Alinigonga, ndiyo. Nilimtukana kwa lugha yangu na ya kwenu, akaendelea tu. Nikakohoa uchafu mwingi, usiku nikalala. Ningejua kutukana kunaponya ningeanza mapema."

"Asubuhi ile ya kupelekwa kupasuliwa, Kibwana alikula kitu?"

"Nani atakula? Tulinyimwa tangu jua lizame. Mke wangu Nasieku alikuja na maziwa, yule mama akamfukuza yeye na kibuyu chake. Nilisikitikia maziwa, kweli."

"Na Kibwana alikunywa nini?"

"Hakunywa. Binti yake alikaa naye, wakasali." Mepukori alifikiri. "Akanywa ile dawa yao ya sahani tu. Ya maandishi."

Mhina aliacha kuandika.

"Nyingi?"

"Bakuli. Mzee alishiba katikati, akataka kubakiza. Binti akamwambia hapana baba, malizia, haimwagwi. Akamalizia."

Mhina alikuwa Mzigua wa Misima na Mwislamu, mtoto wa mama aliyemnywesha kombe kabla ya kila mtihani. Aliijua sahani nyeupe, aya zilizoandikwa kwa zafarani, maji yenye marashi yanayooshea yale maandishi mpaka yawe njano. Alijua pia kwamba hayamwagwi hata tone, kwa kuwa ni maneno ya Mungu. Alirudi kwenye daftari, akasoma majina. Watatu waliokufa walikuwa Waislamu, kila mmoja na ndugu aliyeingia alfajiri. Waliopona walikuwa Wamaasai na Wakristo, na Bibi Zuena mmoja wa Kang'ata, Mwislamu. Mbele ya jina lake Serafina alikuwa ameandika: hana ndugu, hakuna aliyekuja.

Furaha ilimpanda Mhina. Sasa alihitaji kitu kimoja tu, maelezo ya Mwaija mwenyewe, yenye dole gumba chini.

Konstebo Shida, dereva ambaye jina lake lilimfaa kila alipobadilisha gia, alimfikisha kijijini kwa Mwaija saa nne kamili. Kilikuwa kijiji kipya cha barabarani, nyumba zimepangwa mistari, watu wa mashamba ya mbali wamehamishiwa hapo mwaka uliotangulia. Mwaija alikuwa uani anapepeta mahindi, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, macho mekundu ya msiba.

"Mmemnyonga?" aliuliza kabla ya salamu.

"Bado. Mwaija, dada yangu, nataka kukuuliza tena. Asubuhi ile baba alikula?"

"Nimeapa hakula. Nitaapa tena."

"Alikunywa?"

"Hakunywa. Hata mate alitema."

"Kombe je?"

Mwaija alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kombe nalo ni kinywaji? Kombe ni dua. Sasa baba anakwenda kufumbishwa macho, anapasuliwa na watu asiowajua, nimwache aende hivihivi? Zamani tulikuwa mbali, mzee angekunywa nyumbani siku mbili kabla. Sasa maalimu tuko naye hapahapa, na yule nesi mwenyewe aliruhusu tuingie alfajiri. Ilikuwa bahati."

Hakuwa amesema uongo hata mara moja. Mhina aliketi juu ya kinu kilicholazwa, akamweleza. Alieleza taratibu: tumbo likiwa na maji mtu akilazwa kwa etha, maji hupanda, na aliyelala usingizi ule hawezi kukohoa, yanaingia mapafuni. Alieleza pumzi thelathini na sita. Alieleza kwamba Serafina alimgonga mzee mgongoni ili yatoke. Alilichukia kila neno alilolisema, na aliendelea kwa sababu saa tisa ilikuwa inakuja.

Mwaija alisikiliza, ungo magotini. Alipoelewa, uso wake haukubadilika. Mahindi ndiyo yalianza kumwagika pembeni ya ungo, polepole, naye hakuyaona.

"Yule nesi hakumwua," alisema.

"Hakumwua."

"Nilimshikia bakuli mimi."

"Hukujua. Hakuna aliyejua."

"Alisema ameshiba." Sauti ilianza kukatika. "Nikamwambia malizia."

Mhina alitoa karatasi. Alijiona mbaya, lakini aliitoa, akaandika aliyoyasema. Mwaija aliweka dole gumba bila kutazama, kisha akainua kichwa ghafla na kumshika Mhina mkono kwa vidole vyenye wino.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nne na robo."

"Shangazi Mwanaidi. Dada yake baba. Tumempeleka jana, ana uvimbe, anapasuliwa leo. Tulisema sasa yule nesi hayupo, hospitali ni salama. Nilipeleka kombe alfajiri, mlinzi akaniruhusu, utaratibu ule hakuna aliyeufuta. Maalimu aliandika sahani tatu. Kwa ajili ya yaliyompata baba, aliandika tatu!"

Walipanda gari wote. Shida aliendesha vibaya kuliko siku zote na kwa mara ya kwanza Mhina hakumsema. Njia nzima alikuwa ameushika ufunguo mfukoni. Mtu pekee pale hospitalini aliyejua kwamba wazee walitapika maji ya njano alikuwa amefungiwa ofisini, ameamriwa asiseme, na aliyemfungia ni yeye. Alifungia siri, na siri ile ilikuwa roho ya mtu.

Walifika saa tano kasoro robo. Bibi Mwanaidi alikuwa ameshatolewa, amelazwa chali, midomo ina rangi ya majivu. Aliyeshika etha alikuwa nesi Stefania, msichana wa mwaka wa kwanza kazini.

"Nilimwuliza mara mbili, afande. Alisema hajanywa kitu."

"Alitapika?"

"Kidogo. Maji ya njano. Nikafuta."

Mwaija alitoa sauti ambayo Mhina hakutaka kuisikia tena maishani. Daktari Jonathan, aliyekuwa bado na damu kwenye aproni, alisikiliza maelezo yote ya Mhina amesimama, hakumkatiza. Mhina alipomaliza, daktari alivua miwani.

"Nina penisilini. Nina nusu mtungi wa oksijeni," alisema. "Havitoshi. Mgonjwa huyu anahitaji mtu wa kukaa naye kila dakika, anayejua kumlaza kichwa chini, kumgeuza, kumgonga, kumtoa yale maji kabla hayajaoza kifuani. Wengine tunajua kwa maneno. Anayejua kwa mikono ni mmoja, na mmemfunga ninyi."

Mhina alimfungulia Yordani, akamwambia amsaidie daktari, akaondoka kwenda Korogwe. Alifika kituoni saa saba. Koplo wa zamu alisoma alichoandika kwenye kitabu cha mahabusu, akakisoma tena.

"Afande, mtuhumiwa wa mauaji anatolewa kwa amri ya nani?"

"Soma hapo. Mhina."

"Watakufukuza kazi."

"Lete ufunguo."

Ndani ya gari alimweleza Serafina kila kitu. Alitegemea ashukuru, au afurahi, na kwa kweli alitamani kushukuriwa na mtu siku ile. Serafina alitazama mkonge unaopita dirishani.

"Niliwaingiza mimi," alisema. "Niliuliza umekula, umekunywa. Kombe sikuuliza. Sisi kwetu hatunalo, sikujua hata kama lipo. Watatu, Inspekta. Ningeuliza neno moja zaidi." Kisha akafuta macho kwa kiganja. "Anapumua mara ngapi kwa dakika?"

"Thelathini na nane."

"Mwambie dereva aongeze mwendo."

Waliingia wodini saa tisa kasoro robo. Serafina hakumsalimia mtu. Aliinua upande wa miguuni wa kitanda kwa matofali, akamgeuza bibi ubavu, akakunja viganja akaanza kugonga, chini kwenda juu, bila haraka. Mwaija alikuwa amesimama ukutani, hathubutu kusogea. Serafina alimwona.

"Wewe ni ndugu yake? Njoo. Kunja mkono hivi. Ukigonga kwa kiganja wazi utamuumiza."

"Sista, mimi ndiye niliyeapa kwamba wewe..."

"Nakujua. Kunja mkono."

Bibi Mwanaidi alikohoa. Kikatoka kimiminika cha njano, kidogo, kikafuata kingine. Stefania alihesabu pumzi: thelathini na saba. Baada ya saa moja, thelathini na saba. Baada ya nyingine, thelathini na nane tena. Mikono ya Mwaija ilikuwa imevimba na hakukubali kupokewa.

Saa kumi na moja gari la Tanga likasimama uani. Mkuu wa Polisi wa Wilaya aliingia na askari wawili na pingu, amekasirika kwa utulivu, jambo lililokuwa baya zaidi. Mhina alimpa karatasi ya Yordani na ile yenye dole gumba. Mkuu alizisoma papo hapo, akamrudishia.

"Haya atayapima hakimu. Mimi nina jina moja kwenye hati, na jina hilo nimelikuta halipo mahabusu. Mambo yako na mimi baadaye, Mhina. Sista, twende."

Serafina hakuacha kugonga. "Nikiondoka sasa hafiki asubuhi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Nipeni mpaka kesho. Nifungeni kwenye kitanda hiki, lakini mniachie mikono."

"Hati inasema leo."

Askari mmoja alimshika kiwiko. Mkono wa Serafina ukaondoka mgongoni mwa bibi, na pumzi ya bibi ikaanza kukoroma. Mhina alijiweka kati yao na mlango. Alijua kwamba hana amri wala cheo cha kutosha.

Mwaija ndiye aliyezunguka kitanda. Alikuja mpaka mbele ya Mkuu wa Polisi, akanyoosha mikono yote miwili pamoja, imevimba, ina wino.

"Kama gari haliwezi kurudi tupu, nichukueni mimi," alisema. "Baba nilimnywesha mimi, na huyu nimemnywesha mimi. Huyo mwacheni. Shangazi yangu bado anapumua."